Aina 12,000 za Nyasi, Chupa Tano za Kipimo

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu. Kwa makadirio ya Shirika la Mzio Duniani, mafua ya mzio huwapata watu kati ya 10 na 30 katika kila 100: chafya zisizokatika, pua inayochuruzika maji, macho yanayowasha mpaka yakawa mekundu, na homa hakuna. Tukichukua kiwango cha chini tu, yaani 10, tunapata watu 14,392, kuanzia Lamu mjini na Shela hadi Pate, Faza, Kiunga, Witu na Mpeketoni.

Sasa tuweke bei. Tuseme kidonge cha setirizini, dawa ya mzio, cha miligramu 10 ni shilingi 10, ili hesabu iwe nyepesi. Mtu anayejua kwamba mzio wake hupanda majira nyasi zinapochanua, akameza kidonge kimoja kwa siku kwa muda wa siku 60, atatumia shilingi 600. Asiyejua, akameza mwaka mzima, atatumia shilingi 3,650. Zidisha kwa watu wale 14,392. Njia ya kwanza inakula shilingi 8,635,200, ya pili inakula 52,530,800. Tofauti inakaribia shilingi milioni 44. Hiyo ndiyo bei ya kutojua ni mmea gani unaokudhuru na unachanua lini.

Kuujua mmea huo si kazi rahisi. Ukoo wa nyasi peke yake una aina zipatazo 12,000 duniani, na ndani yake mna mahindi, mtama, mpunga, miwa, ngano na hata mianzi. Karibu zote huchavushwa na upepo, kwa hiyo humwaga chavua hewani kwa wingi wa ajabu. Mbelewele moja ya muhindi hutoa mamilioni ya chembe. Hakuna hospitali duniani inayoweza kumpima mtu kwa nyasi 12,000, wala kwa 100.

Kinachotuokoa ni udugu wa mimea yenyewe.

Mwili wa mwenye mzio hauuoni mmea. Unaona protini. Kingamwili iitwayo IgE, iliyotambuliwa miaka ya 1966 na 1967 na watafiti wa Marekani na Sweden, hushika kipande cha protini kilicho juu ya chavua kwa umbo lake. Mmea mwingine ukiwa na protini yenye umbo linalokaribiana, IgE ileile huishika nayo pia, hata kama mtu huyo hajawahi kuukaribia mmea huo maishani. Hali hii ndiyo wataalamu wanayoiita mzio mtambuka. Kanuni yao ya jumla ina tarakimu mbili za kukumbuka: protini mbili zikifanana kwa zaidi ya asilimia 70 ya asidi amino zake, tarajia mwili kuzichanganya, zikifanana kwa chini ya asilimia 50, ni nadra. Katikati ya hapo kila mgonjwa ana yake.

Tuitazame protini mashuhuri kuliko zote za chavua ya nyasi, ile wanayoiita kundi la kwanza. Ina asidi amino zipatazo 240. Kwa wagonjwa wa mzio wa nyasi waliopimwa Ulaya, zaidi ya 90 katika kila 100 huiitikia. Nyasi zote zinayo, lakini si kwa nakala ileile. Ukichukua ile ya ukoka, unaoota pembeni mwa barabara zetu, ukailinganisha na ya nyasi ya Ulaya iitwayo Phleum pratense, zinafanana kwa kadiri ya asilimia 70. Maana yake asidi amino kama 168 ni zilezile na 72 si zilezile. Zimekaa kwenye mpaka wa kanuni kabisa. Mgonjwa mmoja atapimwa kwenye ngozi kwa nyasi ya Ulaya na kivimbe kitatokea, ingawa ukoka ndio unaomwumiza. Mwingine, mwenye IgE iliyozishika zile 72, atapimwa na hakitatokea kitu, kisha aambiwe hana mzio wa nyasi.

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili kwa watu wa pwani. Nyasi zina matawi 12 ya ukoo kwa uainishaji wa sasa, na matatu ndiyo yenye uzito mkubwa katika mzio. Tawi la kwanza, Pooideae, ni la nchi za baridi: ngano, shayiri, Phleum, nyasi ya rai. La pili, Chloridoideae, ni la joto na ukavu: ukoka na wimbi. La tatu, Panicoideae, ni la joto na mvua: mahindi, mtama, miwa, nepia. Tawi la baridi liliachana na hayo mawili zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Tena lina protini nyingine ya mzio, kundi la tano, inayoitikiwa na wagonjwa wapatao 65 hadi 85 katika kila 100 huko Ulaya. Ukoka hauna protini hiyo. Mahindi pia hayana.

Sehemu kubwa ya elimu ya mzio wa chavua ya nyasi imejengwa juu ya tawi la kwanza. Mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester alichapisha kitabu cha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akirusha tiara zenye vioo vya kunata ili kunasa chavua angani. Mwaka 1911 Leonard Noon, London, alianza kuwadunga wagonjwa dondoo ya Phleum kidogokidogo ili kuuzoesha mwili, na tiba hiyo ingali inatumika. Vidonge vya kuweka chini ya ulimi vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 ni vya aina mbili kwa upande wa nyasi. Kimoja kina Phleum peke yake. Kingine kina nyasi tano zilizochanganywa, na mtu akisikia tano hudhani amefunikwa pande zote. Lakini zote tano ni za tawi moja la Pooideae. Ni ndugu wa tumbo moja, watano badala ya mmoja, na hakuna hata mmoja wao anayetawala mashamba ya Hindi au kando ya njia ya Mokowe huku Lamu.

Siwalaumu waliotengeneza. Walitengeneza kwa ajili ya wagonjwa wao. Ninachokiona kibaya ni sisi kununua tu kwa kuwa ndicho kilichomo katika orodha ya muuzaji.

Chuma shina la ukoka asubuhi baada ya mvua za masika ulitazame. Juu yake mna vidole kati ya vitatu na saba vilivyotanuka kutoka nukta moja, kila kimoja urefu wa sentimita chache, na kandokando yake vinaning'inia vifuko vidogo vya zambarau au manjano. Kitikise juu ya karatasi nyeupe uone unga unaoanguka. Chembe moja ina upana wa mikroni 20 hadi 40; ukizipanga chembe 30 hivi unakaribia milimita moja. Kinachoumiza kwa kweli ni kidogo zaidi. Chavua ya nyasi ikilowa maji hupasuka na kumwaga punje za wanga zenye upana wa mikroni 0.5 hadi 2.5, zinazoweza kushuka hadi ndani ya mapafu. Tarehe 21 Novemba 2016 dhoruba ya radi iliupiga mji wa Melbourne, Australia, wakati nyasi ya rai imechanua. Maelfu walikimbilia hospitali kwa pumu na watu 10 walikufa. Kwa hiyo mafua ya mzio si jambo la kitambaa cha pua tu, hasa kwa mwenye pumu.

Muhindi nao una habari yake. Chembe yake ni kubwa, mikroni 80 hadi 100, nzito, na sehemu kubwa kabisa huanguka mita chache tu kutoka lilipo shamba. Kwa hiyo mkulima wa Mpeketoni anayepalilia mbelewele zikiwa wazi anavuta chavua nyingi, lakini jirani yake wa kisiwani hapati karibu chochote kutoka shamba hilo. Mtu wa mtaa wa Langoni, katikati ya nyumba za mawe, anavuta zaidi ukoka wa viwanja vya karibu. Upepo wa kusi nao humjia kutoka baharini, ambako hakuna nyasi. Ndiyo maana siamini ramani ya mzio iliyochorwa kwa Kenya nzima. Hata utafiti mkubwa wa kimataifa wa pumu na mzio kwa watoto, ISAAC, ulioanza 1991, kwa Kenya ulipima Nairobi na Eldoret. Miji yote miwili iko kwenye nyanda za juu.

Joto la Lamu liko karibu zaidi na la Brisbane, Australia, kuliko la Ulaya. Huko, timu ya Janet Davies imeonyesha kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wa sehemu zenye joto huitikia nyasi za matawi ya joto kwa nguvu kuliko nyasi ya rai, tofauti na wagonjwa wa kusini kwenye baridi. Nchi moja, na mzio wa aina mbili.

Kuna udugu mwingine unaoghilibu, na huu ndio unaowapotezea watu fedha nyingi. Zipo protini ambazo kila mmea unazo kwa sababu hauwezi kuishi bila hizo. Moja ni profilini, ambayo Rudolf Valenta na wenzake waliitambua kuwa chanzo cha mzio katika chavua mwaka 1991. Profilini ya nyasi na ya mti usio na uhusiano nayo wowote huweza kufanana kwa asilimia 70 hadi 85. Mtu mwenye IgE ya profilini akipimwa kwa chavua 20, huenda zote 20 zikaonyesha kivimbe. Anatoka na karatasi ndefu, anaogopa maua, anaogopa matunda, na pengine anaambiwa atibiwe kwa vitu sita, ilhali kinachomtesa ni kimoja. Dawa ya hilo ni chupa moja ya ziada: dondoo ya profilini iliyotolewa katika chavua ya mtende, ambayo Hispania huitumia kama alama. Ikivimba hiyo, daktari anajua kwamba orodha ndefu isiaminiwe mzimamzima.

Udugu wa namna hii hupita hata mipaka ya koo. Watafiti wa Delhi walipochunguza chavua ya mathenge, waliona IgE ileile ikishika protini za chavua ya mswaki na ya mbarika, miti ambayo si jamaa wa mathenge. Kwetu jambo hili si la mbali: mathenge iliingizwa Mombasa mwaka 1973 kufufua machimbo ya Bamburi, ikapandwa baadaye Tana River na kwingineko, na mwaka 2008 serikali ikaitangaza gugu hatari. Majirani zetu wa Tana River na Garissa wanaishi nayo mlangoni.

Na kwa kuwa tuko Lamu, siwezi kuwaacha kamba. Wengi wanaodhani wana mzio wa chavua huumizwa na utitiri wa vumbi unaoishi ndani ya godoro la usufi na mto. Utitiri unaopimwa zaidi Ulaya ni Dermatophagoides. Katika nchi za joto na unyevu kuna mwingine, Blomia tropicalis. Protini muhimu ya Blomia, Blo t 5, inafanana na mwenzake wa Dermatophagoides kwa asilimia 43 tu, yaani chini ya mstari wa 50. Vidudu viwili vinavyohesabiwa pamoja kuwa utitiri wa vumbi, mwili unavitenganisha. Lakini protini ya misuli iitwayo tropomiosini, iliyoko kwa kamba na kwa utitiri, inafanana kwa asilimia 80 hivi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 uliwapima Wayahudi wenye kushika dini, ambao hawali kamba kabisa, na baadhi yao wenye mzio wa utitiri walikutwa na IgE ya kamba. Kwa mvuvi wa Kizingitini hii ina maana ya kazi na chakula: kipimo kikisema "kamba" na yeye amekula kamba miaka yote bila kudhurika, asiache kula kwa sababu ya karatasi. Daktari achunguze utitiri kwanza. Aliyewahi kuvimba midomo au kukosa pumzi baada ya kula, huyo ni mwingine kabisa, na asijaribu.

Turudi kwenye fedha. Tiba ya kuuzoesha mwili ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo inayoharibika kabisa ukikosea tawi. Ya vidonge ni kimoja kila siku kwa miaka mitatu, vidonge 1,095. Ya sindano, tukichukua ratiba ya kawaida ya sindano moja kwa wiki kwa wiki 16 kisha moja kwa mwezi hadi miaka mitatu itimie, inafika sindano kama 48, na kila mara mgonjwa hukaa nusu saa chini ya uangalizi kwa hofu ya mwili kushtuka. Tuseme sindano iko Mombasa. Kutoka Mokowe ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo 600 kwenda na kurudi. Mara 48 ni kilomita 28,800, zaidi ya theluthi mbili za mzingo wa dunia. Nauli tuiweke shilingi 1,000 kwa upande mmoja: inakuwa shilingi 96,000 kabla hujalipia boti, malazi, wala dawa yenyewe. Kumpeleka mtu safari hizo zote akadungwe Phleum wakati anaumwa na ukoka ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Basi kaunti ikitaka kuwa na kipimo chake yenyewe, inunue nini? Kipimo cha ngozi ni kitu rahisi: tone la dondoo, mchomo mdogo, dakika 15 hadi 20 za kusubiri, na kivimbe cha milimita 3 au zaidi kuliko tone la maji ya chumvi huhesabiwa. Chupa ya mililita 3 hutoa matone kama 60. Inahitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8 na ina tarehe ya kuharibika. Ukinunua chupa 20 na wagonjwa 20 tu wakaja kabla ya tarehe hiyo, unamwaga matone 800. Ukinunua chupa tano, unamwaga 200.

Chupa tano zangu ni hizi. Ukoka, kwa tawi la pili. Sorghum halepense, jamaa wa mtama, kwa tawi la tatu. Huyu atamwakilisha muhindi na nepia kwa kiasi cha kutosha. Phleum moja, si tano, kwa sababu Mpeketoni ilianza kama mradi wa makazi ya watu kutoka bara miaka ya 1970, na mtu aliyekulia kwenye nyanda za baridi au anayesafiri huko huenda alipata mzio wa tawi hilo. Profilini ya mtende. Na Blomia tropicalis. Ongeza tone la histamini na la maji ya chumvi kwa kulinganisha, mkono umejaa na kazi imekwisha. Wengine wataniuliza kuhusu mwembe na mkorosho, miti yetu mikubwa ya biashara. Chavua ya miti hiyo hubebwa zaidi na wadudu kuliko upepo, na ngozi inayobabuka kwa mafuta ya ganda la korosho au utomvu wa embe ni mzio wa mguso, hautafutwi kwa tone hili.

Kabla ya chupa hata moja, hata hivyo, kuna kalenda. Mtego wa chavua wa aina ya Hirst, uliobuniwa 1952, huvuta lita 10 za hewa kwa dakika, kiasi kinachokaribiana na pumzi za mtu. Kwa siku ni mita za ujazo 14.4, na utepe wake husogea milimita 2 kwa saa. Uingereza huita siku ya nyasi kuwa mbaya inapofika chembe 50 kwa mita ya ujazo. Lamu ina kituo cha hali ya hewa kinachopima mvua na upepo kila siku. Mtego mmoja ukiwekwa hapo kwa miaka miwili ungetupa miezi ya kumeza dawa na ya kupumzika. Una upungufu mmoja: chini ya hadubini chavua za nyasi zinafanana mno, zote mviringo wenye tundu moja, na hasa muhindi ndio unaojitenga kwa ukubwa. Msomaji wa utepe atahitaji mtu wa kilimo amwambie wiki hiyo kimechanua nini.

Na wale 14,392? Wengi wao hawahitaji kipimo wala sindano. Wanahitaji setirizini au dawa ya kupuliza puani kwa majira yao, kwani dawa hizo hazibagui tawi. Wanahitaji pia kuambiwa kwamba Piriton waliyoizoea huleta usingizi, na nahodha au mwendesha bodaboda asiimeze akaingia kazini.

Kwa hiyo ombi langu kwa idara ya afya ya kaunti na kwa wenye maduka ya dawa ni la bei ndogo. Mgonjwa wa chafya akifika, mwandikieni daftarini mambo matatu: tarehe, mtaa au kijiji anachotoka, na kama dalili humwanza nje au kitandani. Fanyeni hivyo kwa mihula miwili ya mvua. Msinunue chupa yoyote ya kipimo kabla ya daftari hilo kujaa, na siku mtakaponunua, muulizeni muuzaji swali moja kabla ya bei: nyasi hii ni ya tawi gani?